Msiba wa Mganga wa Kitabu: Ugeni na Maombolezo ya Prospero katika Tamthilia ya Tufani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanamhusu Prospero, mhusika mkuu wa The Tempest ya William Shakespeare, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wameifahamu kwa jina la Tufani tangu S. S. Mushi alipoitafsiri mwaka 1969. Mwaka huohuo ulitoa pia Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere, na kwa Kifaransa Une Tempête ya Aimé Césaire, inayoisimulia upya hadithi hii kwa kumweka mtumwa mbele ya bwana wake. Tangu wakati huo, na hata kabla yake, Prospero amesomwa barani Afrika kama sura ya mkoloni. Octave Mannoni alilitumia jina lake mwaka 1950 alipoandika kuhusu saikolojia ya ukoloni nchini Madagaska, na Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat ya mwaka 1967, anampa ofisa wa kikoloni mswada ambao jina lake linamtaja Prospero akiwa Afrika.

Usomaji huo una haki yake, na sikusudii kuupinga. Ninachokusudia ni kueleza jambo ambalo umelipita kwa haraka: bwana huyu wa kisiwa ni mfiwa. Amefika ugenini na msiba ambao hakuwahi kuukalia matanga, na kila anachokitenda kwa elimu yake kinaongozwa na msiba huo. Hoja ya makala ni kwamba elimu ya Prospero inamwezesha kuwahamishia wengine majonzi yake lakini haimwezeshi kuyamaliza, na kwamba yanaanza kumalizika pale tu anapoamua kukitosa baharini kitabu kilichompa elimu hiyo. Uchambuzi unafuata matini ya Kiingereza iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka 12 baada ya tamthilia kuchezwa mbele ya Mfalme James mwezi Novemba 1611. Tafsiri ya Mushi inastahili utafiti wake yenyewe, na haichambuliwi hapa.

2.0 Tumwite nani?

Swali hili lilizuka kwanza katika semina ya uzamivu. Msemaji mmoja alimwita Prospero mchawi. Mwingine akasema la, ni mganga. Wa tatu akapendekeza mwanazuoni ili kukwepa ugomvi. Nilidhani wakati ule kwamba tunapoteza muda kwa jambo la msamiati. Sasa ninaona kwamba hapo ndipo penye kiini cha tamthilia.

Kiswahili hakina neno lisiloegemea upande wowote kwa mtu wa aina hii. Mchawi ni mwenye kudhuru, na kumwita mtu hivyo ni kumshtaki. Mganga ni mwenye kutibu na kuzuia madhara, ingawa watu wanajua kwamba aijuaye dawa anaijua na sumu. Katika mwambao kuna tofauti nyingine inayotufaa zaidi, nayo ni ya mganga wa kitabu. Huyu uwezo wake hautokani na kupandisha pepo wala na urithi wa mizizi. Unatokana na kusoma: anajua falaki, anajua majina na hesabu zake, na pengine ana ruhani anayemtumikia. Prospero anaingia katika jina hili bila kulazimishwa. Anaangalia nyota na kutambua saa yake ya bahati. Ana Ariel, roho wa hewani, anayemtumikia kwa mkataba wenye muda maalumu. Na Caliban, anapowafundisha walevi wawili namna ya kumuua, anasisitiza kwamba kwanza wavitwae vitabu, kwa kuwa bila hivyo bwana wake ni mtu kama wao. Hata joho lake lina kazi. Anapotaka kusema na binti yake kama baba, analivua na kuliweka chini, kisha analivaa tena anaporudi kwenye kazi. (Sisi tunaolisubiri joho kwa sababu nyingine tunaweza kuitafakari picha hiyo kwa wakati wetu.)

Lakini jina la mganga halimwachi salama. Kabla ya Prospero, kisiwani aliishi Sycorax, mwanamke wa Algiers aliyefukuzwa kwao kwa uchawi akiwa mjamzito, akaachwa hapo na mabaharia. Prospero hakuwahi kumwona. Alipofika, mama huyo alikwishafariki. Hata hivyo anamsimulia kwa chuki isiyopungua, kama kwamba ana jambo la kujitofautisha naye. Analo. Wote wawili walifukuzwa kwao, wote walifika kwa bahari, kila mmoja akiwa na mtoto wake au mimba yake, na wote walimtumikisha Ariel. Zaidi ya hayo, katika tendo la tano, Prospero anapoyahesabu maajabu aliyoyatenda kabla ya kuyaacha, maneno yake yanafuata kwa karibu sana dua ya Medea katika kitabu cha saba cha Metamorphoses cha Ovid, ambacho Arthur Golding alikwishakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1567. Medea ni mchawi. Kwa hiyo saa ileile anayojivua uwezo wake, Prospero anasema kwa kinywa cha mchawi. Moja ya maajabu anayoyataja ni kwamba makaburi yalifunguka kwa amri yake na wafu wakatoka. Mfiwa anayedai hivyo ametuachia swali, nasi tutalirudia.

3.0 Miaka 12 ya ugeni

Kwa kuwa mada ni kuzoea ulimwengu mgeni, inafaa kuuliza ni nani aliyezoea nini. Prospero hakukijua kisiwa. Caliban, kwa maneno yake mwenyewe, ndiye aliyemwonyesha chemchemi za maji matamu, visima vya maji ya chumvi, mahali penye rutuba na mahali palipo pakavu. Kwa malipo alipewa upendo wa awali, maji yaliyotiwa matunda, na lugha ya kuitaja mianga ya mchana na usiku. Urafiki huo ulivunjika Caliban alipojaribu kumnajisi Miranda, kosa ambalo tamthilia hailifichi na ambalo wahakiki wa upande wake hawana budi kulikabili. Baada ya hapo akawa mtwana. Hata hivyo Prospero anakiri mbele ya binti yake kwamba hawawezi kuishi bila yeye: ndiye anayewasha moto na kubeba kuni.

Huko si kuzoea. Mgeni huyu amekaa miaka 12 bila kujifunza kuchanja kuni zake. Hatumsikii akiuita mti kwa jina la mahali pale, wala akiusifu upepo au sauti za kisiwa. Sifa hizo ziko kinywani mwa Caliban, naye anazisema vizuri kuliko mtu yeyote katika tamthilia nzima. Maktaba, ambayo huko Milan ilimtosha kuwa milki, imehamia pangoni, na Prospero ameendelea kukaa ndani yake. Kitabu kinamfaa kwa sababu hakimdai azoee kitu.

Ikumbukwe kwamba kitabu ndicho kilichomfukuzisha. Alimwachia nduguye Antonio shughuli za utawala ili ajifungie na masomo ya siri, na Antonio, akisaidiwa na Alonso, Mfalme wa Naples, akajitwalia kiti. Gonzalo, mzee mwenye huruma, aliwatilia katika mashua chakula, maji, nguo, na vile vitabu ambavyo Prospero alivipenda kuliko milki yenyewe. Kilichomponza, kilichomliwaza na kitakachomlipizia kisasi ni kitu kimoja.

4.0 Msiba usio na matanga

Prospero amepoteza nini? Milki, ndugu, na nchi. Hayo anayasimulia kwa urefu katika tendo la kwanza, akimkatiza binti yake mara kwa mara kumuuliza kama anasikiliza, ilhali binti hajaacha kusikiliza. Wahakiki wengi huliona hilo kama udhaifu wa usimulizi. Mimi ninaliona kama namna wafiwa wanavyosimulia: anayerudia kuuliza kama anasikilizwa ni yule ambaye hakusikilizwa kwa muda mrefu.

Lakini kuna aliyepotea ambaye hasimuliwi. Mkewe Prospero anatajwa naye mara moja tu, kwa sentensi inayotaka kuthibitisha kwamba Miranda ni mwana halali. Hatuambiwi kama alifariki, lini, wala kwa nini hakuwemo katika mashua. Miranda anakumbuka wanawake wanne au watano waliomtumikia alipokuwa hajatimiza miaka mitatu. Sura ya mama haimo. Baba ana nafasi ya kumjazia pengo hilo, naye anaruka kwenda kwenye habari za Antonio. Mtu anayedai kuwafufua wafu hamwiti hata kwa jina yule ambaye tungetarajia amwite wa kwanza.

Katika mila za Waswahili, msiba una mipaka ya siku na ya mahali. Watu hukusanyika, hukaa matanga, kisha matanga huanuliwa na mfiwa hurudi kazini akijua kwamba jamii imeuona msiba wake. Prospero hakupata hata kimoja cha hivyo. Anasema alilia baharini mpaka machozi yakaongeza chumvi ya maji, na kwamba tabasamu la mtoto ndilo lililompa nguvu. Baada ya hapo hakuna kilio tena. Kuna ghadhabu. Katika tendo la nne anaikatiza ghafla sherehe ya uchumba aliyoiandaa mwenyewe, akamwambia Ferdinand kwamba akili yake imefadhaika na kwamba atatembea kidogo ili moyo utulie. Kisababishi anachokitoa ni njama ya Caliban na walevi wawili, tishio ambalo Ariel angeliondoa kwa urahisi. Fadhaa ni kubwa kuliko sababu yake, na mtu aliyewahi kuishi na mfiwa anaijua hali hiyo.

Anachokifanya kwa elimu yake ni kuunda msiba wa pili. Anamtenga Ferdinand na baba yake na kumwacha kila mmoja aamini kwamba mwenziwe amekufa maji. Alonso anaomboleza kifo ambacho hakikutokea, naye Prospero anamtazama bila kuonekana. Kinachomrudisha nyuma ni kauli ya Ariel, asiye binadamu: kwamba kama angewaona watu hawa sasa, moyo wake ungelainika, kwani hata yeye Ariel wake ungelainika kama angekuwa binadamu.

Hapa ninafikia jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaibeba tamthilia yote. Katika tendo la tatu, Alonso anasema atamtafuta mwanawe chini zaidi ya pale ambapo bildi ya mabaharia imewahi kufika, alale naye matopeni. Katika tendo la tano, Prospero anapoapa kuacha uganga, anasema atavunja fimbo yake na kuizika pima kadhaa ardhini, na kukizamisha kitabu chake chini zaidi ya pale bildi ilipowahi kufika. Maneno ni yaleyale kwa karibu yote. Mahali ambapo Alonso aliweka maiti ya mwanawe, Prospero anaweka kitabu. Na fimbo inazikwa, katika tamthilia ambayo hakuna mtu anayezikwa mbele yetu. Kwa mara ya kwanza tangu afike kisiwani, mfiwa huyu ana kitu cha kuzika.

Dakika chache baadaye, Alonso anapolia kwamba hasara yake haina tiba, Prospero anamjibu kwamba naye amepoteza binti katika tufani hiyohiyo. Kisha anafunua pango: Ferdinand na Miranda wanacheza sataranji. Kauli yake husomwa kama mzaha, kwa kuwa Miranda anaolewa tu. Si mzaha mtupu. Aliyemwokoa baharini kwa tabasamu anaondoka, na Prospero mwenyewe anasema kwamba huko Milan fikra moja katika kila tatu itakuwa ya kaburi lake.

5.0 Mfiwa mwingine, na neno kwa wafasiri

Usomaji wa msiba usitufanye tumsamehe Prospero haraka. Caliban naye ni yatima. Mama yake alifia kisiwani, na mtu wa kwanza aliyemfundisha lugha akaitumia lugha hiyo kumtukania mama huyo. Hakuna anayempa pole. Caliban anaposema kwamba faida aliyoipata katika lugha ni kujua kulaani, wahakiki wa ukoloni wameisikia sauti ya mtawaliwa, na wamesikia vema. Ni vizuri kusikia humo pia sauti ya mtoto wa marehemu. Prospero hufikia kukiri kwamba kiumbe huyu wa giza ni wake, lakini hakiri kwamba walikuwa wafiwa wawili katika kisiwa kimoja.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, uchambuzi huu unadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba sentensi ya Alonso na ile ya Prospero zitafsiriwe kwa maneno yaleyale, bildi kwa bildi na kina kwa kina, hata kama mtindo unavutia kuzibadilisha. Hadhira ikipoteza mwangwi huo, kitabu kinabaki kitabu tu. La pili linahusu utenzi wa kufungia tamthilia, ambapo Prospero, akiwa hana uwezo tena, anawaomba watazamaji pumzi zao zijaze tanga za jahazi lake. Mashua iliyomleta ilikuwa gofu, haina tanga wala mlingoti. Shakespeare hakujua kwamba katika lugha yetu matanga ni ya chombo na ni ya msiba pia, na mfasiri hana ruhusa ya kumsingizia. Lakini hana sababu ya kulikwepa neno hilo. Likiwekwa mahali pake, bila maelezo wala tanbihi, mtazamaji wa Mombasa au Bagamoyo atalisikia kwa masikio yote mawili.