Ukumbi Umejaa, Ujuzi Umebaki kwa Nani?

Kituo cha Utamaduni cha Ndere, pale Ntinda, kikijaza watu jioni ya onyesho, mhasibu ana haki ya kufurahi. Kiingilio ndicho kinacholipa wachezaji na kuwamba ngoma upya. Lakini mfadhili akiuliza kama kituo kinatimiza kazi yake, hesabu ya tiketi inajibu nusu tu ya swali, tena ile nusu rahisi.

Kipimo hufuata lengo. Stephen Rwangyezi alianzisha kundi la Ndere mwaka 1984 ili kuzirudishia heshima ngoma za jadi za Uganda. Basi tupime hilo. Katika larakaraka ya Waacholi, mchezaji hushika nusu kibuyu na kukigonga kwa spoki za baiskeli, miguu ikifuata mlio huo. Je, ni vijana wangapi wanaoweza kuianzisha ngoma hiyo mwalimu wao akiwa hayupo? Je, mtazamaji aliyepiga makofi anaondoka akijua kwamba ile ni ngoma ya uchumba? Majibu yake hayapatikani mlangoni. Inabidi watu waulizwe, na waulizwe tena baada ya miezi kadhaa.

Busoga imetuonyesha kipimo kikali zaidi. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu zilizopigwa wafalme walipotawazwa na walipozikwa. Falme zilipofutwa kwa katiba ya mwaka 1967, shughuli zenyewe zikatoweka, na wapigaji wakapungua. UNESCO ilipoiingiza bigwala mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ilielezwa kwamba wazee mahiri waliobaki, wanaojua kuzitengeneza, kuzipiga na kuzicheza, ni 4 tu. Kwangu mimi, hakuna takwimu ya utamaduni nchini Uganda iliyowahi kusema mengi kuliko hiyo.

Kipimo kibaya nacho kina hatari yake. Makumbusho ya Taifa ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908 na sasa yako Barabara ya Kira, yalikaribia kubomolewa: mwaka 2011 serikali ilipanga kujenga hapo jengo la biashara la ghorofa 60. Ukipima kiwanja kwa kodi kitakayoingiza, makumbusho yatashindwa kila siku. Watetezi wa urithi walipinga hadi mahakamani, na jengo lipo mpaka leo.

Mwaka 2024 makumbusho hayo yalipokea vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa utaratibu wa mkopo. Idadi hiyo ni nzuri kwenye taarifa ya habari. Mimi ningetaka kujua ni vingapi vimeshaonwa na wazee wa jamii vilikotoka, na maelezo yao yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kila kifaa. Kifaa kisicho na maelezo kinachukua nafasi kabatini tu.

Kazi hii haihitaji mitambo. Daftari, karani mmoja makini na mazungumzo na walimu wanaoleta wanafunzi vinatosha kuianza. Wakurugenzi wa vituo vyetu, katika taarifa ya mwaka huu, pembeni ya safu ya tiketi wekeni safu nyingine: waliojifunza kutengeneza ala, waliojifunza kuipiga, na umri wao. Nanyi wafadhili, someni safu hiyo kwanza.