Turbini Ieleayo: Kuvuna Umeme katika Mkondo wa Bahari

Mkazi yeyote wa pwani anajua kuwa bahari hujaa na kupwa, na kwamba wakati wa bamvua maji hukimbia kwa nguvu kuliko wakati wa maji mafu. Mwendo huo husababishwa na mvuto wa mwezi na jua, kwa hiyo nyakati zake huweza kukokotolewa miaka mingi kabla. Upepo hauna sifa hiyo. Je, nguvu hii huvunwaje?

Tuanze na fizikia. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Maji yaendayo mita 1 kwa sekunde hupitisha wati 500 hivi katika kila mita ya mraba. Yakienda mita 2 kwa sekunde, hupitisha wati 4,100. Kasi imeongezeka mara mbili, nguvu mara nane. Rafadha haiwezi kuichukua yote, kwani maji yaliyonyang'anywa nguvu yote yangesimama na kuyazuia yanayofuata. Kikomo cha nadharia ni asilimia 59.

Sakafuni mwa bahari msuguano hupunguza kasi ya maji; karibu na uso wa bahari maji huenda upesi zaidi. Isitoshe, mtambo uliozama ukiharibika huhitaji meli kubwa ya kuuinua, lakini ule uelelao hufikiwa kwa boti. Hizi ndizo sababu kuu za kuunda turbini ieleayo.

Mfano mzuri unapatikana katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, ambako kituo cha majaribio cha EMEC kilianzishwa mwaka 2003. Katika mlangobahari wa Fall of Warness mkondo hufikia karibu mita 4 kwa sekunde. Hapo ilijaribiwa turbini ya SR2000, iliyoshushwa majini mwaka 2016 ikiwa na uwezo wa megawati 2. Katika mwaka mmoja wa majaribio ilizalisha zaidi ya gigawati-saa 3.

Mwanafunzi na akokotoe: megawati 2 kwa mwaka mzima bila kupumzika zingetoa gigawati-saa 17.5. Kilichopatikana ni kama sehemu moja ya sita. Maji husimama kila yanapogeuka, hupungua kasi siku za maji mafu, na mtambo wenyewe huhitaji matengenezo.

Mafunzo hayo yalizaa turbini ya O2, iliyofikishwa hapo mwaka 2021. Kiunzi chake kina urefu wa mita 74, na kila moja ya rafadha zake mbili ina kipenyo cha mita 20 badala ya 16. Eneo la duara limeongezeka kwa zaidi ya nusu, hivyo megawati 2 zilezile hupatikana katika maji ya polepole zaidi. Maji yakigeuka, mapanga hugeuzwa, na kiunzi hubaki palepale kwenye minyororo ya nanga. Rafadha huinuliwa hadi usoni pa maji ili zitengenezwe.

Kwa pwani yetu funzo ni moja. Kina cha kujaa na kupwa si kipimo cha nguvu ya mkondo. Anayetaka umeme wa bahari na aanze kwa kupima kasi ya maji katika kila mlango, mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo, maana kosa dogo katika kasi huwa kosa kubwa katika hesabu ya umeme.