Kuku wa Batavia na Siri ya Pumba za Mchele

Beriberi ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na moyo unaoletwa na upungufu wa vitamini B1. Huanza kwa uchovu na ganzi ya miguu. Baadaye mgonjwa akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na akitembea hujikokota. Wengine huvimba miguu, pumzi huwa fupi, na moyo huweza kusimama ghafla. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa huu uliua maelfu ya watu Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki, hasa pale ambapo watu wengi walilishwa kutoka jiko moja: kambi za jeshi, meli, magereza na migodi. Njia ya kujua chanzo chake ilifunguliwa katika kisiwa cha Java, wakati huo koloni la Uholanzi, na daktari wa jeshi aliyeitwa Christiaan Eijkman.

Eijkman alizaliwa Uholanzi mwaka 1858. Alifika koloni mara ya kwanza mwaka 1883, lakini malaria ikamrudisha kwao. Akiwa Ulaya alisoma elimu ya bakteria kwa Robert Koch mjini Berlin, mtaalamu aliyekuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Huo ulikuwa wakati ambao madaktari waliamini kwamba karibu kila ugonjwa una kijidudu chake, na kazi ya daktari ni kukisaka tu.

Serikali ya Uholanzi nayo iliamini hivyo. Tangu mwaka 1873 ilikuwa vitani na Waaceh, kaskazini mwa Sumatra, na askari wake walikuwa wakilazwa kwa beriberi kwa wingi. Mwaka 1886 ikatuma tume iliyoongozwa na Cornelis Pekelharing na Cornelis Winkler. Eijkman akafuatana nao. Tume ilirudi Ulaya mwaka uliofuata ikiwa na hakika kwamba ugonjwa unaletwa na bakteria. Eijkman aliachwa Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, aendeleze kazi katika maabara ndogo ya hospitali ya kijeshi.

Mpishi mpya

Kwa kuwa kuku ni rahisi kuwapata na kuwafuga, Eijkman aliwatumia kwa majaribio. Aliwadunga baadhi yao damu ya wagonjwa, akawaacha wengine bila kuwadunga ili awalinganishe. Mwaka 1889 kuku wakaanza kuugua, waliodungwa na wasiodungwa pia. Walipepesuka, miguu ikawaishia nguvu, wakaanguka ubavu wasiweze kusimama, kisha kupooza kukapanda hadi kwenye mabawa na shingo. Daktari akawatenga wazima mbali na wagonjwa, lakini nao wakaugua. Halafu mwezi wa Novemba, bila dawa yoyote, ugonjwa ukatoweka. Waliokuwa wamelala wakasimama na kudonoa.

Eijkman alichunguza kilichobadilika, akakikuta jikoni. Tangu mwezi wa Juni mtunza kuku alikuwa akibana matumizi kwa kuwalisha makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali. Alipokuja mpishi mpya, alikataa chakula cha wanajeshi kupewa kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa mchele wao wa kawaida usiokobolewa sana, wakapona.

Kilichopotea mashineni

Mpunga una makapi magumu ya nje, na ndani yake punje imevikwa utando mwembamba wa rangi ya kahawia. Anayetwanga kwa kinu na mchi huondoa makapi, lakini sehemu ya utando hubaki. Mashine za mvuke zilizoenea Asia katika nusu ya pili ya karne ya 19 zilikwangua vyote viwili, zikatoa mchele mweupe unaong'aa, usioharibika haraka ghalani na unaopendeza machoni. Utando na kiini cha punje vikawa pumba za kutupwa au kupewa mifugo.

Kwa miaka kadhaa Eijkman alijaribu kila namna. Wali mweupe uliwaangusha kuku, na mchele mweupe mbichi uliwaangusha vilevile. Walioongezewa pumba hawakuugua, na wagonjwa waliopewa pumba walipona. Hata hivyo alilieleza jambo hilo kwa fikra za zama zake: alidhani wanga wa mchele huzalisha sumu tumboni, na pumba zina dawa ya kuiua. Hakuweza kukubali kirahisi kwamba mtu anaweza kuugua kwa kukosa kitu, bila kuingiwa na chochote.

Wafungwa wa Java

Swali lililobaki lilikuwa kama ya kuku ni ya binadamu. Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya wa serikali na rafiki wa Eijkman, alijua kwamba magereza ya Java na Madura hayakulisha wafungwa mchele wa aina moja. Kila mahali palifuata desturi ya wenyeji. Mwaka 1896 alikagua magereza 101. Kati ya 37 yaliyopika mchele usiokobolewa, beriberi ilionekana katika gereza moja tu. Kati ya 13 yaliyochanganya, ilionekana katika 6. Kati ya 51 yaliyotumia mchele mweupe, ilionekana katika 36. Vorderman alitazama pia uchakavu wa majengo, sakafu, hewa na msongamano wa wafungwa. Hakuna hata kimoja kilichoeleza tofauti hiyo kama mchele ulivyoieleza.

Mwaka huohuo afya ya Eijkman ilimlazimu kurudi Uholanzi, na kazi ikashikwa na daktari mwenzake, Gerrit Grijns. Huyu aliwalisha kuku nyama iliyopashwa moto mkali kwa muda mrefu, isiyo na wanga hata kidogo, na bado wakapooza. Nadharia ya sumu ya wanga ikaanguka. Aligundua pia kwamba choroko huwakinga kuku kama pumba zinavyowakinga. Mwaka 1901 Grijns aliandika kwamba vyakula vya asili vina vitu fulani ambavyo vikikosekana mishipa ya fahamu hudhurika. Hilo ndilo wazo lenyewe la vitamini, ingawa jina lilikuja mwaka 1912 kutoka kwa Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland.

Wengine walikuwa wamekaribia jibu kwa njia nyingine. Daktari wa jeshi la majini la Japani, Takaki Kanehiro, aliona meli ya Ryujo ikirudi mwaka 1883 ikiwa na wagonjwa 169 kati ya mabaharia 376, na 25 kati yao wakafa. Alibadilisha chakula, akaongeza nyama, shayiri na maharage, na beriberi ikakaribia kwisha jeshini humo. Aliamini kilichopungua ni protini. Tiba ilikuwa sahihi, maelezo hayakuwa. Huko Malaya, Henry Fraser na Thomas Stanton waliwagawa takriban vibarua 300 wa Kijava katika makundi. Waliokula mchele mweupe waliugua, waliokula mchele wa mpunga uliochemshwa kabla ya kukobolewa hawakuugua. Walipobadilishana chakula, ugonjwa nao ukabadilisha upande. Matokeo yalitangazwa mwaka 1909. Ushahidi huo ulipatikana kwa watu ambao hawakujichagulia chakula: wafungwa, mabaharia na vibarua.

Kutoka pumba hadi kidonge

Mwaka 1926, palepale Batavia, Barend Jansen na Willem Donath walifanikiwa kutenga fuwele chache za kitu hicho kutoka kwenye shehena ya pumba, wakamtumia Eijkman sehemu yake ajaribu. Ilikuwa vitamini B1, yaani thiamini. Mwaka 1936 Robert R. Williams wa Marekani aliweza kuitengeneza maabara, na tangu hapo ikawa rahisi kuiongeza kwenye unga na kuitia kwenye vidonge.

Leo kazi yake mwilini inafahamika. Wanga ni kuni na thiamini ni njiti ya kiberiti: chakula kinaweza kujaa, lakini bila vitamini hiyo mwili hauwezi kukigeuza kuwa nguvu. Mishipa ya fahamu na moyo, vinavyohitaji nguvu kila dakika, huumia kwanza. Anayekula wanga mwingi huhitaji thiamini zaidi, na akiba ya mwili haizidi wiki chache. Ndiyo maana sahani iliyojaa wali mtupu inaweza kumfanya mtu augue huku tumbo limeshiba.

Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1929 pamoja na Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza. Alikuwa mgonjwa mno kusafiri hadi Stockholm, akafariki mwaka uliofuata. Grijns, aliyelitafsiri jambo kwa usahihi, hakupewa sehemu ya tuzo hiyo.

Ugonjwa wenyewe haujaisha. Mwaka 2004 uliwapata watoto wachanga katika kisiwa cha Mayotte, karibu na Komoro, na bado hujitokeza magerezani na katika kambi ambako chakula ni wali bila kitoweo cha maana. Kinga yake ni ya bei nafuu. Mchele usikobolewe kupita kiasi, wala usioshwe mara nyingi, na maji yake yasimwagwe baada ya kuchemka, kwa sababu thiamini huyeyuka na kwenda nayo. Kwa mahindi ni hivyohivyo: dona lina vitamini ambazo sembe imepoteza mashineni. Na anayependa wali mweupe au sembe aule na maharage, choroko, kunde, karanga au samaki, si mchuzi mtupu.