Kamera ya shemeji, risiti ya mpishi

Kikao cha tatu cha kamati ya harusi jijini Dar es Salaam hufika mahali ambapo mhazini anasoma ahadi za michango, kisha anasoma fedha taslimu zilizopokelewa. Ukimya unatanda. Halafu mjumbe mmoja anajitokeza: "Jamani, shemeji yangu ana kamera nzuri, atatupigia bure." Mwingine anamkumbuka rafiki mwenye maneno mengi, awe MC. Bajeti inashuka, makofi yanapigwa, soda zinafunguliwa.

Kamati hununua kwa fedha ambazo bado ziko mifukoni mwa watu. Mwenye ukumbi anadai malipo ya awali ndipo aandike jina lenu kwenye daftari, ilhali mtoa ahadi wa Kitanzania hutuma mchango wake wiki ya mwisho. M-Pesa, iliyoingia nchini mwaka 2008, imerahisisha kutuma. Kuwahi kutuma ni jambo jingine. Basi rafiki wa bure anakuwa mkopo wa kuziba pengo.

Kwa upande wa pili wa meza, fundi wa kulipwa anahesabu siku. Mwaka una Jumamosi 52. Kwa familia ya Kikatoliki, Kwaresima pekee huondoa 7, na wengi wanagombania Desemba, ndugu wakiwa likizo. Mpiga picha akishakuuzia Jumamosi moja hawezi kuiuza tena, hivyo usishangae akikataa kurudisha malipo ya awali mkiahirisha.

Tena, bei ya kwanza mara nyingi siyo bei yenyewe. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanafika shilingi milioni 200 kwa mwaka anatakiwa kusajiliwa VAT. Kabla ya 2023 kiwango kilikuwa milioni 100. Tuseme mpishi wa namna hiyo amewatajia sahani ya 25,000 kwa wageni 200. Hiyo ni milioni 5. Kama ametaja bei bila kodi, VAT ya kiwango cha kawaida, 18%, inaongeza laki 9, na kamati inagundua siku ya ankara. Ulizeni mapema, tena kwa maandishi.

Hayo maandishi ndiyo bidhaa hasa unayonunua kwa fundi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25, inasema makubaliano yasiyo na malipo au kitu cha kubadilishana kutoka upande wa pili ni batili, isipokuwa katika mazingira machache. Kwa lugha ya kikaoni: shemeji aliyeahidi kupiga picha bure akilala nyumbani siku hiyo, huna pa kumpeleka. Mpishi aliyepokea fedha asipotokea, unaweza kumdai fidia.

Simaanishi marafiki wakae pembeni. Zipo kazi ambazo hakuna kampuni itakayozifanya vizuri kuliko wao, kwa sababu zinahitaji kuwajua watu. Mlangoni, wahudumu wa kukodi hawatamtambua mjomba aliyesahau kadi, wala hawatajua kwamba aliyeshika kadi ya single ameingia na mtu wa pili. Kukaa na ufunguo wa stoo ya vinywaji ni kazi ya rafiki, tena yule asiyekunywa. Kufuatilia ahadi pia: ajenti gani atampigia simu bosi wenu mara nne bila kumuudhi?

Lakini chakula, picha na ratiba havirudiwi. Kumbi nyingi huzima muziki usiku kwa saa iliyopangwa, na MC wa kirafiki hana ubavu wa kumkatiza baba mdogo anayetoa nasaha kwa dakika arobaini. MC wa kulipwa hufanya hivyo akicheka.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni fundi ambaye pia ni rafiki. Huyu anawapa bei ya kirafiki, nusu ya ile ya kawaida, na hakuna mkataba kwa kuwa "sisi ni watu wa nyumbani." Akipata mteja wa bei kamili Jumamosi ileile, atawatumia msaidizi wake. Afadhali alipwe bei yake yote, kisha punguzo alirudishe kama mchango, aandikwe kwenye daftari la mhazini kama wenzake.

Wiki kadhaa baada ya harusi, kamati hukutana kuivunja kamati. Mbuzi yupo, mhazini anasoma hesabu hadi senti ya mwisho, wajumbe wanaitikia. Shemeji naye yupo, anakula. Picha bado hazijatoka, na hakuna anayemuuliza.