Ucheleweshaji wa Mtandao katika Uchunguzi wa Mgonjwa kwa Video

Daktari bingwa aliyeko mjini Tanga anapomchunguza kwa video mgonjwa wa kiharusi aliyeko Pangani, humtaka atabasamu, ainue mikono na kurudia sentensi. Katika uchunguzi huo, kuchelewa kujibu ni dalili. Ni lazima basi ijulikane aliyechelewa ni mgonjwa au ni mtandao.

Chanzo kimoja cha ucheleweshaji ni bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ndani ya ruta ambamo pakiti za data husubiri zamu ya kupita. Waliozoea kuvuka mto Pangani kwa kivuko wataelewa. Kiwanja cha kusubiria kikiwa kidogo mno, magari hurudishwa. Kwenye mtandao pakiti hutupwa, na picha hukatika. Kiwanja kikiwa kikubwa mno, hakuna gari linalorudishwa, lakini kivuko hakiongezi mwendo: foleni hurefuka, na gari la wagonjwa lililofika mwisho hungoja nyuma ya malori yote.

Bafa ya kilobaiti 256, takriban megabiti 2, ikijaa kwenye laini inayopeleka megabiti 1 kwa sekunde, pakiti mpya itasubiri sekunde 2. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unashauri kuwa mazungumzo mengi hayaathiriki ucheleweshaji wa upande mmoja usipozidi milisekunde 150. Somo lililorekodiwa halisumbuki sana, kwa kuwa simu huweka akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kulionyesha. Mazungumzo ya papo kwa papo hayana akiba hiyo.

Tiba yake ni kuisimamia foleni. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, mbinu inayopima muda ambao pakiti husubiri badala ya idadi yake. Fundi aulizwe kama ruta ya kituo ina usimamizi wa foleni, na auwashe.

Kabla ya kumchunguza mgonjwa, sitisheni utumaji wa picha za eksirei na usasishaji wa programu. Kisha muuguzi aliye kando yake ainue mkono pindi daktari amwambiapo. Muda utakaopita kabla mkono huo haujaonekana ni wa mtandao pamoja na wepesi wa kawaida wa mtu mzima wa afya. Utakaozidi hapo kwa mgonjwa ndio wa kuchunguzwa.

Nawe mgonjwa, usifadhaike ukiombwa kurudia. Na mwenye dalili za kiharusi awahishwe hospitali. Asingojeshwe kwa sababu ya video.