Jiko Lililochakaa Ndani Lisitupwe Upesi

Asubuhi za mwezi wa Julai mjini Kitale ni za baridi, kwa kuwa mji huo uko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na watu wa huko hukaa karibu na moto kuliko jirani zao wa Bungoma walio chini yao. Pande zote mbili hupika kwa kuni. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kwa kupikia. Jiko likiharibika, basi, si neno dogo nyumbani, na mara nyingi huharibika mahali pasipoonekana.

Katika Trans Nzoia yapo majiko ya chuma ya zamani, mengi yakiitwa Dover, yaliyoingia katika nyumba za walowezi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, vyombo vizito vya namna hiyo vilikuwa rahisi zaidi kuletwa. Baada ya mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa, nyumba zikapata wenyewe wapya, na jiko likabaki jikoni pale pale. Mwili wa jiko kama hilo waweza kuishi kuliko aliyelinunua. Vinavyokwisha ni viungo vya ndani, hasa wavu wa chuma ambao kuni hulala juu yake, na matofali yanayozunguka moto.

Watu husema wavu hupinda kwa sababu ya moto mwingi. Si kweli kabisa. Wavu hupozwa na hewa inayopanda kutoka chini, na jivu likiachwa lijae katika trei mpaka liguse wavu, hewa hiyo hukatika. Hapo chuma huwa chekundu, hulegea, kisha huinama katikati kama kitanda kibovu. Mwenye kumwaga jivu kila asubuhi hununua wavu mara chache sana.

Wavu wa asili ni wa chuma cha kusubu, nacho ni kigumu kulehemu: hupasuka kinapopoa, kando ya pale pale kilipoungwa. Ni heri kumpelekea fundi wa jua kali wavu wa zamani uwe kipimo, naye atengeneze mwingine kwa nondo nene za milimita 16. Nondo hazidumu kama chuma cha kusubu, walakini bei yake ni nafuu na hupatikana kila mji. Lakini wavu mpya usibane. Nondo ya sentimita 30 ikipata joto la digrii 500 hurefuka karibu milimita 2, na ikikosa nafasi ya kurefuka itasukuma matofali mpaka yapasuke. Mafundi wengi hufurahia kitu kinachoingia kwa nguvu. Katika jiko hilo ni kosa.

Tena mwenye jiko asikubali kipande cha bati lililopakwa zinki kiwekwe karibu na moto, hata kama fundi analo tayari mkononi. Zinki huyeyuka katika digrii 420, na ikizidi kuchomwa hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana.

Matofali nayo hutaka subira. Ufa mwembamba si hatari, ila tofali likimomonyoka hata chuma cha ubavuni kikaonekana, hapana budi libadilishwe, kwa maana moto utakula ubavu wenyewe, na ubavu ukitoboka jiko limekwisha. Kosa lililoenea ni kuziba kwa saruji ya kujengea. Saruji hiyo hupendeza kwa juma moja, kisha hugeuka unga, kwa sababu kile kinachoishikamanisha huvunjika joto likipita digrii 400 na kitu. Kinachofaa ni udongo wa mfinyanzi, sehemu moja, uchanganywe na vigae vilivyopondwa vizuri, sehemu mbili. Vigae vimekwisha kupita motoni, kwa hiyo havinywei tena, navyo huuzuia udongo usipasuke unapokauka. Mahali pa kuungia pawe pembamba. Udongo mnene huanguka.

Liko jambo moja la kuogopwa katika majiko hayo ya zamani. Kamba nyeupe ya mlangoni, au ubao wa kijivu nyuma ya jiko, huenda ikawa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Isikwanguliwe wala isipigwe brashi ikiwa kavu. Ikiwa nzima iachwe. Ikiwa imechanika, iloweshwe maji, itolewe polepole na mtu anayejua kazi hiyo, na watoto wakae mbali. Siku hizi mahali pake hutiwa kamba ya nyuzi za kioo.

Bungoma jiko la chuma ni haba. Huko, na katika sehemu nyingi za magharibi, jiko linalojulikana ni lile la kauri liitwalo Upesi, na kwingine Kisasa, ambalo hujengewa udongo pande zote jikoni. Lilianza kuenezwa miaka ya 1980 kwa jina la Maendeleo. Ufa katika kauri yake haumzuii mtu kupika, maana udongo wa nje huishika. Ugonjwa wake mkubwa ni kuchakaa kwa vinundu vitatu vinavyobeba sufuria. Vikiisha, sufuria hukaa juu ya ukingo wenyewe, moshi hukosa njia, na miali hurudi mlangoni kumfuata mpishi. Kina mama wengi hulaumu kuni mbichi, kumbe shida ni pengo la upana wa kidole tu. Vipande vitatu vya chuma vyenye urefu sawa, vikizamishwa katika udongo wa kando na ncha zikafika juu ya ukingo, huirudisha nafasi hiyo.

Wala moshi huo si wa kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, nao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Magunzi ya mahindi, ambayo kaunti hizo mbili hazikosi, huwaka vizuri, ila jivu lake lina chumvi nyingi za potasi zinazokula kauri na matofali joto likiwa kali. Yafaa yachanganywe na kuni, na jivu lisiachwe likigandamana ukutani.

Matengenezo yakiisha, jiko liachwe siku tatu likauke. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, wa pili mkubwa kidogo. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakichemka ghafula hupasua kazi yote. Kwa jiko la chuma, usiku ule wa kwanza kurunzi iwekwe ndani, milango ifungwe na taa ya jikoni izimwe: popote mwanga utokapo ndipo moshi utakapotoka, na hapo huzibwa kabla ya moto kuwashwa. Matofali mabovu yaliyotolewa yasitupwe, kwani yakipondwa ndiyo vigae vya safari nyingine.