Orodha ya majina yetu: nani anashika ufunguo?

Wazee wa Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao na kulala kwenye gare wakingojea treni. Siku zile, kujulikana asili yako kulitosha kukuletea hatari. Leo habari kama hizo, yaani jina, kijiji, idadi ya watoto na namba ya simu, huingizwa kwenye kompyuta familia inapoandikishwa ili ipate msaada.

Kompyuta inayotunza orodha kwa ajili ya ofisi nzima huitwa seva. Mfanyakazi aliye Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, anaweza kuifungua seva ya Likasi kwa njia ya intaneti. Inapunguza safari, ni kweli. Lakini mlango wa namna hiyo hauoni sura ya anayebisha. Zipo programu zinazozunguka usiku na mchana zikijaribu maneno ya siri, moja baada ya jingine, wala hazichagui ofisi kubwa au ndogo.

Hata wakubwa huingiliwa. Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba seva zake zimevamiwa. Zilikuwa na habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Wavamizi walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021, kupitia kasoro ya programu ambayo marekebisho yake hayakuwa yamewekwa. Walikaa ndani siku 70 bila kuonekana.

Kwa hiyo kiongozi wa wakimbizi wa ndani asiogope kuuliza. Je, kila mfanyakazi ana neno lake la siri, au wote wanatumia moja? (Tumewahi kuliona limebandikwa ukutani, kando ya kalenda.) Je, baada ya neno hilo seva inadai pia namba inayotumwa kwenye simu ya mfanyakazi? Aliyeacha kazi amefungiwa mlango? Programu husahihishwa lini? Nakala ya akiba iko wapi, na je, imetenganishwa na mtandao?

Swali la kwanza kabisa liulizwe siku ya kuandikisha, kalamu ikiwa bado mkononi: je, ni lazima kabila liandikwe? Ambalo halikuandikwa haliibiwi.